Kumpenda yule ambaye damu zenu haziendani



Wapendwa vijana, swali hili nalisikia sana: nikimchekea mtu ninayekereka naye, si ndiyo unafiki ule anaotukataza Mtume Paulo kwenye Rum 12:9?

Mimi huwajibu kwa habari za Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Aliingia Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888, akiwa na miaka 15 tu. Humo alimkuta mtawa ambaye karibu kila kitu chake kilimkera: mwenendo, maneno, tabia. Na monasterini utakimbilia wapi? Mnakutana kila siku. Teresa akaamua kumtendea kama mtu anayempenda kuliko wote. Kila walipokutana alimwombea, akamsaidia alivyoweza, na hamu ya kumjibu vibaya ilipompanda, alitabasamu. Ikafika siku yule mtawa akamuuliza kwa furaha, hivi ni nini hasa kinakuvutia kwangu?

Sasa hapo unafiki uko wapi? Mimi siuoni. Mnafiki anakuchekea, ukigeuka tu anakumaliza kwenye grupu la WhatsApp. Teresa alimtakia mwenzake mema hata alipokuwa peke yake na Mungu, wala hakusubiri hisia zije kwanza.

Yule wako pengine mtakutana kwaya au Jumuiya wiki hii hii. Kabla hajakufikia, msalie Salamu Maria moja. Na hasira ikizidi, ondoka kwanza. Hata Teresa kuna siku alikimbia.