Bwana Hakucheza na Hofu Yao

Somo: Mathayo 14:22–33



Leo ninaleta mbele yenu kosa langu mwenyewe. Mchungaji anayeficha kosa lake hawezi kumwambia kondoo arudi njiani.

Majuma machache yaliyopita vijana wa kwaya walikuja nyumbani kwangu jioni. Walikuwa na karatasi iliyoandikwa vizuri. Waliomba nyumba ya Mungu kwa usiku wa tarehe 31 Oktoba, usiku ambao Wamarekani wanauita Halloween. Walitaka kuonyesha filamu tano za kuogopesha, moja baada ya nyingine, tangu saa mbili ya usiku mpaka mapambazuko. Kila filamu ilikuwa na kichwa chake. Ya kwanza ilihusu wafu wanaotoka makaburini, ya pili nyumba yenye pepo. Ya tatu na ya ine zilikuwa za wachawi, kutoka Nijeria. Ya mwisho, saa tisa ya usiku, ilimhusu mtu mwenye kinyago na panga. Kijana mmoja angeshika mikrofoni na kufasiri kwa Kiswahili na Kinande. Kiingilio kingekuwa franka 1,000, na pesa zingenunua vyombo vya muziki. Milango ingefungwa ili mtu asitoke gizani kabla ya kukucha.

Wakaniambia: “Papa, vijana wengi wasiokuja kanisani watakuja. Asubuhi tutawahubiria.”

Nikaitika. Nilisema moyoni, heri wawe ndani ya kanisa kuliko kuzunguka mitaani usiku. Hata mimi nilipokuwa kijana nilijificha wazazi wangu nikaenda kuangalia video za namna ile, nikarudi nyumbani nikikimbia kivuli changu. Nikaona ni mchezo tu wa ujana.

Siku ya Alhamisi, giza lilipoanza kuingia, wakawasha jenereta ili kujaribu projekta na vipaza sauti. Wakachagua ile filamu ya kinyago. Mwanamke katika filamu akapiga kelele, halafu watoto, halafu wengi pamoja. Kelele zikatoka katika nyumba ya Mungu zikashuka bondeni.

Nyuma ya kanisa letu, kama mnavyojua, wanakaa familia zilizokimbia vita upande wa Beni. Hawakuuliza ni nini. Mama mmoja akachukua mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akazima taa, akakimbilia kwenye miti ya mikaratusi. Wengine wakamfuata. Mzee mmoja asiyeweza kukimbia aliingia chini ya kitanda. Msichana wa miaka tisa alikanyaga bati lililokatika, akapasuka mguu, wala hakulia, kwa sababu alikwisha kujifunza kwamba anayelia anasikiwa.

Tuliwatafuta mpaka saa ine ya usiku. Nilipomfikia yule mama, aliniambia kwa sauti ndogo: “Papa, tulisikia watu wanalia. Tulizani wamefika.” Halafu akauliza: “Walikufa wangapi?”

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini? Kwamba hakuna aliyekufa, ni vijana wetu wanajifurahisha?

Wapendwa, nimelala na swali la yule mama usiku mwingi. Katika swali hilo Bwana amenifundisha mambo matatu, nami ninawapa kama nilivyoyapokea.

Jambo la kwanza: tujue usiku huu ni usiku gani.

Vijana wengine wanafikiri Halloween ni sikukuu ya mashetani, na wazazi wengine wanafikiri vilevile. Jina lenyewe linasema kitu kingine. Maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, kwa sababu kesho yake, tarehe 1 Novemba, Wakristo wengi wanawakumbuka waliolala katika Bwana. Jirani zetu Wakatoliki tarehe 2 wanawaombea marehemu wote. Watu wa Ireland na Scotland walikuwa na desturi zao za usiku ule, wakazipeleka Amerika walipohamia huko, na huko ukawa usiku wa vinyago na wa watoto kuombaomba peremende. Mwaka 1978 John Carpenter alitengeneza filamu aliyoiita kwa jina la usiku huo, ya mtu wa kinyago anayeua vijana kwa kisu. Ilipata pesa nyingi, na wengine wakaifuata njia hiyo hiyo. Ndivyo usiku wa kukumbuka wafu ulivyogeuka soko la kuogopesha walio hai.

Kwa wale ambao hawajaona kifo kikiingia mlangoni, damu ya filamu ni rangi na sukari tu. Wanaogopa saa mbili, wanacheka, wanalala. Sitaki kuwahukumu. Lakini sisi tunakaa wapi?

Tangu mwezi wa Oktoba 2014 teritware ya Beni imeona watu wakiuawa kwa panga na shoka, njiani, shambani na vitandani. Mbau, Oicha, Eringeti: majina haya tunayajua kwa machozi. Tarehe 13 Agosti 2016 ilikuwa Rwangoma, ndani ya mji wa Beni. Tarehe 30 Oktoba 2019 jeshi lilianza operesheni kubwa, na majuma yaliyofuata wauaji walilipiza kisasi kwa raia. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi katikati ya ibada ya ubatizo, watu wakiwa wanamwimbia Mungu. Je, kuna nyumba kati yetu isiyo na jina la kulia?

Basi mtu mwenye panga anayekuja saa tisa ya usiku, kwetu si hadithi. Yule msichana wa mguu uliopasuka amekwisha kumwona, na hakulipa kiingilio.

Jambo la pili: hofu isiyopimwa inazaa uongo, na uongo unaua.

Tumesahau upesi namna hii? Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, nayo haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Wakati ule tuliona watu wamevaa mavazi meupe yanayofunika uso, na wengi wetu tukaona kinyago kuliko kuona muuguzi. Uvumi ukatembea mbio kuliko pikipiki: wanaleta ugonjwa, wanauza viungo, wanaua watu hospitalini. Wagonjwa wakafichwa, na nyumba nzima zikaondoka. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyeacha watoto wake ili aje kutibu wetu, aliuawa kwa risasi hapa Butembo, ndani ya hospitali. Watu wa silaha walimwua. Lakini hofu na uongo vilikuwa vimewafagilia njia.

Na sasa ninasema kuhusu zile filamu za wachawi, kwa sababu vijana walinijibu: “Papa, hizo ni nzuri, mwishoni mchungaji anashinda.” Tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, ile ya mtu aliyemtoa mke wake sadaka ili apate mali, filamu za Nijeria zimeingia katika nyumba za Afrika nzima. Ni kweli, mara nyingi mwishoni jina la Yesu linatajwa. Lakini nauliza: mtoto anayetoka pale anabeba nini? Je, anabeba sala ya dakika tano za mwisho, ao uso wa bibi mzee aliyegeuka bundi kwa saa mbili nzima?

Sisi ni kanisa linaloamini kwamba Mungu anasema katika ndoto na maono. Kwa hiyo hatari hii inatuhusu sisi kuliko wengine. Mtoto ameangalia filamu Jumamosi. Usiku anaota koko wake anamfukuza na kisu. Jumapili anasimulia ndoto hiyo mbele ya mtu anayejiita mwenye maono, na Jumatatu mzee wa watu anafukuzwa katika nyumba aliyoijenga. Ao ni mtoto yatima anayetajwa, kwa kuwa hana wa kumtetea. Mhubiri, sura ya 5, anatuonya kwamba ndoto huzaliwa na shughuli nyingi za mchana. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anataka kila roho ipimwe kabla ya kuaminiwa. Ninawaambia waona-maono wetu wote mbele ya Mungu: ndoto iliyotoka katika projekta si ufunuo. Anayeipokea kama ufunuo atajibu kwa damu ya yule aliyemtaja.

Hata sheria ya nchi imeliona jambo hili. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamtia gerezani anayefanya hivyo. Ni aibu kama serikali itamlinda mtoto, na kanisa la Mungu limwache.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa: tuangalie Bwana alifanya nini na hofu ya wanafunzi wake.

Mathayo anatueleza kwamba ilikuwa zamu ya nne ya usiku, maana yake kati ya saa tisa na mapambazuko. Saa ile ile ambayo vijana wetu waliiweka kwa filamu ya panga. Saa ile ile ambayo watu wa Beni wanaijua. Upepo ulikuwa unawapinga, mashua inapigwa, wamechoka. Wakaona mtu anatembea juu ya maji. Wakafikiri ni mzimu, wakapiga kelele kama mama zetu walivyokimbia Alhamisi ile.

Angalieni hapa, wapendwa. Yesu angeweza kunyamaza kidogo. Angeweza kuwaacha watetemeke, ili akijifunua utukufu wake uwe mkubwa zaidi. Mtengeneza filamu angefanya hivyo, kwa sababu yeye anauza ile dakika ya kungoja. Bwana wetu hakungoja. Alipowasikia tu, alijitambulisha, akawapa moyo, akaondoa hofu yao. Na Petro alipoanza kuzama, mkono ulinyoshwa papo hapo.

Bwana hakucheza na hofu yao. Hilo ndilo neno langu la leo. Anayemfuata Kristo anajulikana hapa: akisikia mwenzake anapiga kelele gizani, anasema upesi, “Ni mimi, ndugu yako.” Haongezi giza. Haliuzi kwa franka 1,000.

Baba zetu wa imani katika Afrika walijua hofu. Simon Kimbangu, aliyewaambia watu waache hirizi na wamtegemee Mungu peke yake, alihukumiwa kifo tarehe 3 Oktoba 1921. Hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30, akafa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Mwezi huu wa Oktoba basi ni mwezi wa kukumbuka watu ambao hofu haikuwatawala. Tusiufanye mwezi wa kujifunza kuogopa.

Sasa tumeamua nini? Mnajua kwamba kijana akikatazwa bila kupewa kitu kingine, atakwenda kutafuta mahali pasipo na mchungaji. Kwa hiyo niliwaita vijana, nikawaomba msamaha kwa sababu niliitika bila kuwaza walio nyuma ya ukuta. Nao wakashuka wenyewe bondeni, wakaomba msamaha kwa yule mama, wakamnunulia msichana dawa. Ni wao, si mimi, walioleta mpango mpya.

Tarehe 31 Oktoba tutakutana mchana, saa nane. Projekta itawaka, kwa sababu projekta haina zambi. Tutaangalia filamu ya maisha ya Yesu, ile ya mwaka 1979, na vijana watafasiri kwa Kinande kwa ajili ya wazee. Saa kumi tutasoma majina ya wafu wetu. Kila familia ilete majina yake: waliouawa, waliokufa kwa Ebola, waliofariki kwa uzee. Kwaya itaimba kati ya majina. Familia za nyuma ya kanisa zitakaa mbele. Kabla ya giza kuingia kila mtu awe nyumbani kwake. Hakuna kiingilio. Kwa vyombo vya muziki tutatoa sadaka kama watu wazima, wala hatutamwuzia mtu usingizi wake.

Ndugu zetu wa Beni, fanyeni vilevile kadiri usalama unavyowaruhusu. Wazazi, muulize watoto wanaangalia nini katika simu usiku. Kaeni nao, waelezeni. Nawe kijana mwenye filamu hizo katika simu yako, sitakuja kuipekua. Ninakuomba tu: kabla ya kuongeza sauti, fikiri nani anakaa upande wa pili wa ukuta.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyetembea juu ya maji katika saa mbaya ya usiku, pita tena katika mabonde ya Beni na vilima vya Butembo. Mama anapozima taa kwa hofu, mfikie kabla ya adui. Tusamehe sisi tuliofanya kelele za kifo kuwa mchezo. Tupe sauti ya kuwaambia waoga kwamba sisi ni ndugu zao, na miguu ya kuwafikia upesi. Amina.

Yule mama aliniuliza walikufa wangapi. Tarehe 31 tutamjibu kwa majina, yeye akiwa amekaa mbele. Njoni nyote, mlete majina yenu. Bwana awabariki na kuwalinda.