Shika Jembe Moja Ulime

Ndugu zangu vijana wa Kilosa na Mikumi, ninyi mnaotamani kubuni sanamu ndogo kwa kompyuta, nisikilizeni! Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Neno hilo linatuhukumu. Leo unapakua programu hii, kesho ile, keshokutwa nyingine. Bando limekwisha, mwaka umekwisha, na hujaumba hata sikio la tembo.

Chagua mara moja, na uchague kwa swali moja: naumba kiumbe au naunda mtambo?

Ukiumba kiumbe, tembo wa tambarare ya Mkata au twiga wa Mikumi, shika Blender. Humo unavuta na kuminya umbo kama mfinyanzi na udongo wake. Ni ya bure kwa haki kabisa: mwaka 2002 watu wa mataifa mengi walichanga euro 100,000 ili iwe huru, na tangu hapo haimdai mtu ada ya leseni. Wala msiseme cha bure ni duni! Flow, filamu ya Latvia kuhusu paka na wanyama wenzake, ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ilitwaa Oscar ya filamu bora ya katuni. Na kama kompyuta yako ni kuukuu, matoleo ya zamani bado yanapatikana kwa halali.

Ukiunda mtambo, treni kwa mfano, shika FreeCAD, nayo ni ya bure. Huko kipimo ndicho bwana. Kilosa imejaliwa reli mbili: ya zamani yenye upana wa milimita 1,000, na ya kisasa, SGR, yenye milimita 1,435. Zipunguze mara 87, kipimo kinachopendwa sana na waundaji wa treni ndogo duniani, utapata milimita 11.5 na 16.5. Ukikosea hapo, magurudumu hayakai relini. Lakini ukisharekebisha namba moja, kila sehemu uliyoifunga kwenye namba hiyo inaifuata.

Na wewe unayeanza kabisa, Tinkercad itakushika mkono. Ila inategemea intaneti. Mtandao ukikatika, kazi inasimama. Iwe ngazi yako, isiwe nyumba yako.

Nakemea sasa programu zilizovunjwa kufuli, zinazogawiwa kwa flashi. Huo ni wizi, na mara nyingi wizi huo huja na virusi. Utamwambiaje mgeni anayekuja kununua kwamba sanamu hii ni jasho lako, ilhali chombo chako ni cha kuiba? Tena unaiba nini, na mlango wa halali uko wazi?

Msidhani programu itafanya kazi ya macho yenu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi. Ukipita, mtazame tembo anavyoegemeza uzito wake. Ukirudi, kumbuka kwamba mkonga mwembamba huvunjika sanamu ikitoka kwenye mashine ya kuichapa, yaani printa ya 3D. Unenepeshe kidogo.

Basi amueni usiku huu. Shika programu moja, usiiguse nyingine kwa mwezi mzima. Umba tembo mmoja, akianguka, mrudie, akiinama, mrudie tena. Usiiache kazi hiyo mpaka asimame mezani kwa miguu yake minne.