Mbuzi wa Jirani na Mchicha wa Uani

Alhamdulillah. Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, tunamswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na ninaiusia nafsi yangu kabla yenu tumche Allah.

Ndugu Waislamu, sisi wa Mashewa tumejaaliwa. Usambara iko hapo juu yetu, na masika yakishuka ardhi inaota hata isipopandwa. Lakini ukifika ukame tunanunua fungu la mchicha, mboga inayochumwa wiki tatu au nne tu tangu kusiwa! Uani nafasi ipo. Hata gunia moja la udongo na samadi, likitobolewa ubavuni, linalisha nyumba.

Bukhari na Muslim wamepokea mafundisho ya Mtume kwamba anachokipanda Mwislamu, akala mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Shomoro aliyedonoa nyanya yako usimlaani, basi.

Ila mbuzi wa jirani ni mtihani. Mama ameinama mwezi mzima akimwagilia kwa kopo, anaamka alfajiri anakuta vishina vitupu, na kwato zimejichora kwenye tuta bichi. Maneno yanatoka, salamu inakatika, na watoto wanakatazwa kucheza pamoja. Nimeziona nyumba zilizonuniana hivyo kwa miaka, na inaniuma.

Kesi hii ni kongwe. Surat Al-Anbiyaa inawataja Daudi na Sulaiman (a.s.) wakihukumu juu ya wanyama wa watu walioingia shambani usiku. Wafasiri wanaeleza kuwa Sulaiman aliamua mwenye shamba awachukue wanyama, anufaike na maziwa na manyoya yao, huku mwenye wanyama akilihudumia shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe chake. Hakuna aliyeachwa maskini. Naye Mtume wetu, ngamia wa Al-Baraa bin Azib alipoharibu bustani ya mtu, alihukumu kwamba bustani ilindwe na mwenyewe mchana, na mnyama afungwe na mwenyewe usiku. Amepokea Abu Daud.

Kwa hiyo mwenye bustani, zungushia ua. Miti ya mkonge huku kwetu haikosekani. Mwenye mbuzi, hakikisha zizi limefungwa kabla hujalala. Wakikuponyoka usiku wakala, nenda wewe kwa jirani kabla hajaja kwako, na uende na fidia mkononi.

Jambo jingine ni dawa. Mdudu kantangaze ametutesa kwenye nyanya, najua. Lakini kupuliza sumu leo na kuchuma kesho ni kumlisha mwenzio madhara, na kumuuzia ukiwa unajua ni ghushi. Lebo ya chupa imeandikwa siku za kungoja. Usiyejua kusoma, mwombe kijana wako akusomee.

Na maji? Tazameni nyuma ya msikiti wetu. Mara tano kwa siku maji ya udhu yanatiririka mtaroni yakizalisha matope na mbu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, maji hayo hayafai kutawadhia tena, lakini ni tohara, na mboga inayanywa bila tatizo. Nyumbani weka beseni chini ya miguu unapotawadha.

Mtume ametuhimiza kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza aupande. Leo pembeni ya birika la udhu nimeweka marando ya matembele. Mkitoka, kila mmoja achukue matatu, na mawili zaidi ya jirani yake.