Mficha Uchi Hazai

Ngamiani, Tanga, kule barabara zinakoitwa kwa namba, harusi hainogi mpaka mikono ya wanawake ipambwe. Bibi mmoja wa huko alimwonya mjukuu wake mapema: "Hina paka utakavyo, lakini piko usiniletee humu ndani." Piko ni rangi nyeusi ya nywele inayochorwa kwenye ngozi. Binti alikwisha kuipaka mara mbili kwa mashoga zake na haikumfanya kitu, basi harusi ya binamu yake ilipokaribia akapaka tena, kimya kimya.

Siku ya pili mikono ikamwasha. Ya tatu ikavimba. Akapaka dawa ya meno. Ilipozidi akaenda duka la dawa, akasema ana fangasi, akauziwa tyubu ya fangasi. Bibi alipokuja kugundua, ngozi ilikuwa inatoa maji.

"Umepaka nini, binti yangu?" daktari wa kituo cha afya aliuliza.

"Hina tu, daktari." Bibi yake alikuwa ameketi hapo hapo.

Daktari akaugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. Malengelenge hayakutapakaa ovyo. Yalifuata ua, jani kwa jani, shina likapanda hadi kifundoni, na kati ya mstari na mstari ngozi ilikuwa nzima. Fangasi haichori maua.

"Ulikaa nayo muda gani kabla ya kuosha?"

"Kama nusu saa."

"Ikatoka nyeusi?"

"Tii."

Hina ya majani hukaa saa kadhaa, nayo huacha rangi ya machungwa inayokolea kuwa kahawia. Binti akainamisha kichwa, bibi akaguna.

Kinachodhuru ndani ya piko ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapofika kichwani, na haukubali ipakwe kwenye ngozi kabisa. Mchanganyiko wa kibarazani haupimwi na mtu. Mwili unaweza kuivumilia mara ya kwanza na ya pili, kumbe kinga inaisoma taratibu. Ikishaitambua, uadui huo kwa kawaida ni wa maisha. Kwa hiyo anayesema "mbona zamani haikunidhuru" hajajikinga na lolote.

Tiba haikuwa na makuu: aache vyote alivyokuwa akijipaka, aoshe kwa maji ya baridi bila sabuni kali, apake krimu ya betamethasoni kwa siku alizoandikiwa, ameze kidonge cha mzio usiku. Antibiotiki hakupewa, maana hapakuwa na usaha. Aliambiwa alama nyeupe zinaweza kubaki kwa miezi. Kisha daktari akaandika kwenye daftari la binti kwa wino mwekundu: ana mzio wa PPD, asitie rangi nyeusi ya nywele, na aseme kabla ya kupakwa dawa ya ganzi, kwa kuwa baadhi yake zina undugu na kemikali hiyo.

Mikono ikapona, daftari likatupwa kabatini. Idd ilipokaribia, msusi akamuuliza kama rangi humdhuru. Akajibu, "Hapana." Baada ya siku mbili aliamka kope zimevimba hata macho hayafunguki, na nyuma ya masikio panachuruzika maji. Safari hii alifika kituoni na daftari mkononi, akasema yote kabla hajaulizwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ugonjwa wa ngozi unaotokana na kugusa kitu hautibiki sawasawa bila kukijua kitu chenyewe: krimu hutuliza kidonda cha leo, lakini kinachozuia cha kesho ni kumtaja mkosaji na kumwepuka. Basi uendapo kituoni, chukua pakiti, chupa au tyubu ya kila ulichojipaka, hata kile unachokionea haya, hata dawa ya meno. Ukiona midomo inavimba au pumzi inabana, usingoje kesho. Nenda hospitali wakati huo huo. Na ukishaandikiwa mzio, uutaje popote unapokaa kitini, kwa daktari wa meno na kwa msusi pia.