Radhi kwa Wakala

Tuseme mama muuza ndagala wa Kalemie ametuma faranga zake kwa simu, zikaangukia nambari asiyoijua. Atapiga nambari ya msaada, naye atapokewa na kijana mpole atakayemwomba radhi kwa jina la kampuni kubwa ambayo, kwa hakika, haikumwajiri, kwani ujira wake watoka kwa mkandarasi, wala hana idhini ya kuufungua mtambo akaona kosa limeingilia wapi. Ayaandikayo huyapeleka juu, akapokea simu nyingine.

Desturi hii imeenea. Bharti Airtel ya India ilipoinunua mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika, Kongo ikiwamo, mwaka 2010, haikukawia kuwakabidhi wengine, kama IBM na Tech Mahindra, mitambo yake na vituo vya kuwahudumia wateja. Wala si bidaa: katika karne ya 19 Sewa Haji wa Bagamoyo aliwatafutia Wazungu wapagazi kwa ajili ya misafara yao ya bara, na misafara ya zama hizo ilifika Ujiji, mingine ikavuka ziwa hadi Mtowa, kaskazini ya Kalemie ya leo. Katika hilo sioni aibu, maana shehena haibadiliki kwa kubadilishwa bega.

Lakini je, radhi nayo ni shehena? Mafakihi wetu wa Kishafii wameuruhusu uwakala katika kuuza, katika kuozesha, katika kugawa zaka, hata katika hija ya asiyejiweza. Wakaukataa katika swala, katika kiapo na katika ushahidi, kwa kuwa mambo hayo yamefungamana na nafsi ya mwenyewe. Mimi naiweka radhi upande huu wa pili. Sheria ya Kongo ya tarehe 8 Februari 2017 imezihifadhi kandarasi za namna hii kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, jambo jema kwa mifuko ya wenye kampuni, ila kwa mama yule halijajibu kitu.

Kijana aweza kumpa pole, kwani huruma ni mali yake; kukiri kosa asilolitenda wala kuliona ni kutoa ushahidi asiokuwa nao, na deni la kukiri linabaki shingoni mwa mwenye mtandao, hata awaweke makandarasi kumi kati yake na soko la Kalemie. Zikirudi faranga peke yake, mama amerudishiwa mali, hajaombwa radhi.