Kapu la Malimbuko na Soko la Mkunazini



Jumapili ya mavuno inakaribia, na kama ilivyo desturi yetu hapa Masasi kila nyumba itatafuta kitu cha kuleta mbele ya altare: kapu la mahindi, debe la korosho, mihogo, na mwenye kuku ataleta kuku. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, Waisraeli waliagizwa namna ya kuleta kapu kama hilo. Haikutosha kumkabidhi kuhani na kurudi zao. Kila mmoja alipaswa kutamka kwa sauti, mbele ya Mungu na watu, kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba ukoo wake ulishuka Misri ukatumikishwa huko, na kwamba Bwana ndiye aliyewatoa.

Sura hiyo tumeisoma kanisani miaka mingi, na watoto wa kipaimara tumewafundisha. Lakini hatukuielewa mpaka siku tuliyokwenda kutembea Unguja mjini.

Tulikuwa watu sita: sisi wazee wawili, binti yetu na mumewe, na wajukuu wawili, wa kike darasa la sita na wa kiume darasa la tatu. Tulivuka kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam. Kutoka bandarini tulikwenda kwa miguu kutwa nzima, kwa kuwa vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, gari haliingii, na mahali pengine hata baiskeli ikipita mtu hujibanza ukutani. Wenye magoti ya miaka sitini na zaidi wachukue fimbo. Tunasema kwa kuwa yametukuta.

Zaburi ya 48 inawataka watu wauzunguke mji wa Sayuni na kuitazama minara yake, ili wapate la kuwasimulia watoto watakaokuja. Basi nasi tulizunguka. Mji huu ulikuwa makao ya kifalme tangu Sultani Said bin Sultan alipohamisha baraza lake kutoka Maskati, kadiri ya mwaka 1840, na wafalme waliomfuata walitawala kutoka hapo. Tuliiona Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Tulisimama mbele ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Noeli, ikaua watu. Mjukuu wa kiume alianza kuhesabu milango ya nakshi, akafika thelathini na kitu, kisha akaona muuza miwa na hesabu ikaishia hapo.

Mchana tukafika Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo. Sisi tuliofundisha historia tuliijua tarehe yake kwa moyo. Mkataba wa kulifunga soko la watumwa ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na siku ya Noeli mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale sokoni. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Paa lake alilifanya kuba ya mawe ya matumbawe na saruji, na wapo waliosema litaanguka. Halijaanguka. Husimuliwa pia kwamba siku moja alisafiri, na aliporudi akakuta mafundi wamesimamisha nguzo za upande wa nyuma kichwa chini. Aliziacha, na mpaka leo ziko hivyo. Steere mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni. Huambiwa ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kupigwa viboko, ili wanunuzi wawapime ustahimilivu wao. Watu wanaokwenda kupokea Mwili na Damu ya Bwana hupita hapo. Tulivua kofia, tukanyamaza. Karibu na hapo upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873.

Nje, katika shimo la mraba, zipo sanamu za watu watano wamefungwa shingoni kwa mnyororo. Alizitengeneza Clara Sörnäs wa Sweden katika miaka ya 1990, na mnyororo ule ni wa kweli, wa wakati ule. Kijana aliyetuongoza alituteremsha pia katika vyumba vya chini vya jengo la zamani la misheni, akasema humo ndimo walimofungiwa. Wachunguzi wa historia hawakubaliani juu ya vyumba hivyo, kwa kuwa jengo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Hatukumbishia kijana, ingawa twaona habari yenyewe ni nzito ya kutosha bila kutiwa chumvi.

Tulipotoka juani mjukuu wa kike alirudi kwenye lile shimo, akauliza, "Babu, hawa walikuwa kabila gani?"

Kijana akamjibu kwamba walikuwa wa makabila mengi, Wayao, Wanyasa, Wamanyema na wengine.

"Na sisi je, tulikuwamo?"

Mama yake alitutazama. Naye hakuwa akijua.

Wasomaji wa Masasi wanakumbuka mwaka 1876. Askofu Steere alitoka pwani ya Lindi kwa miguu na kundi la watu walioachwa huru, waliokuwa wamekaa Mbweni kule Unguja, akikusudia kuwarudisha kwao upande wa ziwa Nyasa. Walipofika hapa wakapapenda, wakaomba wabaki. Kila mwaka twalisimulia jambo hili kwa fahari. Katika nyumba yetu mama mzazi wa babu yetu alikuwa katika msafara ule. Babu alikuwa akisema, "Sisi tulikuja na Baba Askofu," na hapo habari iliishia. Mtoto aliyeuliza walikujaje huko pwani kwanza alitumwa kuteka maji. Tukakua, tukaenda chuo cha ualimu, tukarudi kufundisha biashara ya watumwa kwa ramani na mishale ubaoni, na katika miaka yote hiyo hatukusema darasani, wala nyumbani, kwamba mshale mmoja ni wetu. Tuliogopa. Neno lile la mtumwa bado hurushwa kisimani watu wakigombana, nanyi mnalijua.

Basi tuliketi kwenye ukingo wa lile shimo, tukamwambia yote tunayoyajua. Kwamba alikamatwa akiwa mtoto upande wa Nyasa. Kwamba jahazi alimopakiwa lilikamatwa na manowari ya Waingereza, akapelekwa misheni. Mjukuu aliuliza ni Waarabu waliomkamata. Hapo ilitubidi kuwa wakweli tena, kwa kuwa waliouza walikuwamo watu wa bara, weusi kama sisi, waliowauza majirani zao, na kabla ya hapo walikuwapo Wafaransa, Wakristo waliobatizwa, walionunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba yao ya Mauritius na Réunion. Mtu asiitumie habari hii kama fimbo ya kumpigia jirani yake Mwislamu. Wenyeji wa mji ule walitupokea kwa ukarimu siku ile, na mzee mmoja alitukaribisha barazani kwake tupumzishe miguu, akatununulia kahawa.

"Jina lake alikuwa nani?" mjukuu akauliza.

Tulimpa jina la ubatizo. Lile alilopewa na mama yake kwao hatulijui, na babu yetu hakulijua.

Ndipo sura ile ya 26 ilipotujia. Mungu hakumwambia Mwisraeli aseme kwamba ukoo wake ulitoka kwa wafalme. Alitaka habari ya utumwa isemwe altareni, kapu likiwa mkononi, wakati mtu ameshiba na ana shamba lake. Sisi tulileta makapu yetu miaka arobaini na zaidi tukayaweka kimya. Tulimshukuru Mungu kwa korosho, tukaificha ile habari yenyewe ya kutolewa.

Jioni tulishuka Forodhani, tukala urojo na mishikaki, na mjukuu wa kiume akalala begani kwa baba yake kabla ya kumaliza sahani. Dada yake aliandika katika daftari lake la shule, kwa taa ya muuza samaki. Hatukumwomba atuonyeshe.

Jumapili ya mavuno tutaleta kapu kama kila mwaka. Padre tumekwisha kumweleza, naye amekubali tuseme maneno machache kabla ya kuliweka chini. Mjukuu wetu ameomba alibebe yeye, na aseme yeye, kwa kuwa sauti ya babu yake, asema, haifiki mpaka viti vya nyuma.