NANI AINAME?

Tuseme mtu amemaliza sigara yake kituoni. Anatupa kipisi, anakikanyaga, basi linafika, anapanda. Kwake yeye habari imekwisha. Je, imekwisha kweli? Kile kichungi si pamba kama wengi wanavyodhani. Ni nyuzi za selulosi asetati, yaani plastiki. Mvua ikinyesha kinaburutwa mpaka mtaroni, toka mtaroni mpaka mtoni, na sumu yake inaingia majini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba vichungi kama trilioni 4.5 huchafua mazingira kila mwaka. Basi lazima yupo mtu mwingine atakayeinama kuviokota. Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: huyo anayeinama alipwe na nani, na kwa nini ainame yeye?

Jibu la kwanza ni adhabu. Kule Singapore, tangu 1992, mahakama inaweza kumwamuru mtupa taka akafagie hadharani, akiwa amevaa kizibao cha rangi kali. Wazo hilo nalipenda, maana linamrudishia mtu kazi yake mwenyewe. Ila kipisi ni kidogo kuliko kidole. Askari atawavizia wangapi? Na penye askari mwenye njaa, faini haifiki ofisini.

Jibu la pili ni ada. Mwaka 2009 jiji la San Francisco, Marekani, liliweka ada ya senti 20 kwa kila pakiti ili kulipia usafishaji. Hapa mzee anayevutia barazani kwake na kuzimia kwenye kisahani cha majivu atalalamika: kwa nini alipie kosa la mhuni wa stendi? Ana haki ya kulalamika. Lakini mama muuza mchicha, asiyevuta kabisa na anayetoa ushuru wa soko kila asubuhi, yeye anadaiwa nini? Kama lazima mmoja aonewe, heri aonewe aliye karibu na moshi.

Jibu la tatu limetoka Umoja wa Ulaya. Sheria yao ya 2019 kuhusu plastiki za kutumia mara moja inataka watengenezaji wa sigara zenye vichungi wabebe gharama za kuvisafisha. Uhispania ilianza Januari 2023. Mimi nasimama hapa. Mvutaji hakuchagua kichungi kiwe plastiki. Kiwanda ndicho kilichochagua. Utaniambia kampuni itapandisha bei tu. Na ipandishe! Bei isiyohesabu uchafu wa kitu ni bei ya uongo, kuna mtu pembeni anaimalizia.

Hoja hii si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Nchini Kenya, kanuni za 2014 ziliwadai watengenezaji na waagizaji wa tumbaku asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Kampuni moja kubwa ikapinga mpaka Mahakama ya Juu, ikashindwa mwaka 2019. Fedha hizo ni za mfuko wa kudhibiti tumbaku, si za fagio, lakini msingi ni uleule: anayevuna faida asiikimbie hasara.

Hata hivyo kuna hatari. Siku kiwanda kikilipa, mvutaji atasema, "Si wameshalipia? Acha nitupe zangu." Hapo ndipo tutofautishe madeni mawili. Deni la mfuko kampuni inaweza kulilipa. Deni la mkono halina wakala. Pesa inanunua fagio na kumlipa mfagiaji mshahara wake. Haifuti dharau ya kumtupia mwenzako taka miguuni. Mfagiaji kulipwa vizuri hakumgeuzi kuwa jaa.

Kwa hiyo kampuni ilipe, na mvutaji akibebe kipisi chake mpaka kwenye pipa. Na halmashauri nayo iliweke hilo pipa, maana huwezi kumlaumu mtu kwa kutofika mahali ambapo hapapo.